Kwa mnaoanza kudizaini mabango huku Mtwara: kabla hujafungua kompyuta, uliza linatundikwa wapi

Wadogo zangu mnaoingia kwenye hii kazi, mliotoka veta na mliojifunzia Photoshop YouTube alafu mkapata nafasi kwenye steshenari za hapa mjini, kuna kitu naomba mkibebe mapema. Mteja akija na karatasi yake ya maneno msikimbilie kuanza kupanga. Muulizeni kwanza bango linatundikwa wapi, linaangalia upande gani, na anayelisoma atakuwa anatembea kwa miguu, yuko juu ya bodaboda au amekaa kwenye kiti ukumbini. Majibu hayo ndo yanaamua karibu kila kitu, na mimi naona mabango mengi ya huku yanakufa hapo hapo, sio kwenye ufundi.

Piga hesabu kidogo. Bodaboda ikiwa spidi 40 inakata kama mita 11 kila sekunde, kwahiyo aliyeanza kuliona bango lako akiwa mita 30 ana sekunde tatu hivi tayari kashalipita, na ndani ya hizo sekunde anakwepa shimo na anamsikiliza abiria. Sasa wewe umemuandikia huduma kumi na mbili na salamu za kumkaribisha, atasoma nini? Atapata maneno matano, labda sita. Hayo matano sita ndo dizaini yenyewe, maua na vivuli vya herufi vitakuja baadae kama nafasi ipo.

Ukubwa wa herufi usikisie kwa kuangalia skrini. Kuna kipimo cha siku nyingi cha watu wa mabango, inchi 1 ya kimo cha herufi kwa kila futi 10 za umbali, na kinafanya kazi. Mita 30 ni kama futi 100, maana yake neno kuu linataka inchi 10. Kwenye bango la futi 4 kwa 8 hiyo ni kama moja ya tano ya kimo chote, na kwa upana zinaingia herufi kumi na kitu tu kwa mstari. Ukishajua hilo unaacha mwenyewe kubandika sentensi.

Mfano mama anauza korosho zilizobanguliwa karibu na stendi, kakuletea "Karibuni sana wateja wetu tunauza korosho zilizobanguliwa zenye ubora wa hali ya juu kwa bei nafuu". Mgeni anayeshuka kwenye basi la Dar hana haja na yote hayo. Weka KOROSHO kubwa kabisa, chini yake JUMLA NA REJAREJA, alafu namba ya simu, na picha moja ya korosho nyeupe iliyopigwa kwa karibu, imeisha. Mama atakwambia mbona umeniachia nafasi tupu na mimi nalipia bango zima, na ana haki ya kuuliza, hela ni yake, kwahiyo usibishane nae. Printi dizaini zote mbili, yake na yako, kila moja kwenye A4 ya kulala, bandika ukutani, mwambie mama arudi nyuma hatua tano. Kwa bango la futi 8 hapo ni sawa na kulitazama kutoka mita 30 hivi. Mwache achague mwenyewe.

Mabango ya ukumbini ni habari nyingine. Harusi au sherehe ya kumtoa mwali, watu wako karibu na kazi kubwa ya bango ni kupiga nalo picha, kwahiyo majina yakae juu, sababu chini kote watasimama watu na ulichoandika huko hakitaonekana kwenye picha hata moja.

Rangi: nyekundu juu ya bluu inaumiza macho, njano juu ya nyeupe inapotea. Nyeusi juu ya njano au nyeupe juu ya bluu iliyoiva hazijawahi kuniangusha. Ukiwa na wasiwasi igeuze dizaini iwe nyeusi na nyeupe, maneno yakififia badilisha. Na fanyeni kazi kwenye CMYK, ule mpangilio wa rangi za wino wa kuprintia, toka mwanzo, maana ile kijani inayowaka kwenye skrini ni mwanga, wino hauwezi kuitoa.

Logo iliyotumwa kama picha WhatsApp inakuwa imeshabanwa, ombeni itumwe kama dokumenti. Picha za bango kubwa pikseli 100 mpaka 150 kwa inchi zinatosha kwa saizi halisi, ukiweka 300 faili linakuwa zito bure. Na kama kazi inaenda kuprintiwa Dar, geuzeni maandishi yawe maumbo kabla ya kutuma, la sivyo kule wakikosa fonti yako mashine itaweka ya kwake.

Upepo wa kusi mnaujua, hasa kwa wateja wa Shangani na Mikindani kule kando ya bahari. Ukingo ukunjwe, viringi vya chuma vya kupitishia kamba viwe kila nusu mita hivi, na maneno yakae mbali na ukingo yasije yakatobolewa. Wengine wanakata matundu ya nusu mwezi katikati ili upepo upite, mi sipendi, turubai linaanza kuchanikia hapo hapo. Bora kona zifungwe na vipande vya mpira wa ndani wa tairi, vinavutika na kurudi.

Kabla ya kuprinti fungua kalenda uone kama hiyo tarehe kweli ni Jumamosi, alafu piga ile namba iliyo kwenye dizaini mteja akiwa amesimama hapo. Isipoita kwenye simu yake, faili haliendi kwenye mashine.