Studio ya chumbani kwa mfuko mdogo: maswali yenu

Mafundi, shikamooni. Nina laptopu na biti zangu. Pesa inatosha vitu vitatu tu. Nianze na nini?

Marahaba. Saundi kadi ya USB (kisanduku kinachoingiza sauti ya maiki kwenye laptopu) yenye tundu la XLR, yaani la pini tatu, maiki moja, na hedifoni zinazofunika sikio zima. Kwa saundi kadi, Behringer UM2 ni ya bei ya chini na inafanya kazi. Focusrite Scarlett Solo inakuza sauti kwa mchirizo (ile kelele ya "shhh") mdogo zaidi. Bakiza pesa ya stendi na waya wa XLR wa mita 3. Wengi huvisahau, wakashika maiki mkononi, na kila kidole kinachosogea kinasikika kwenye rekodi. Spika za studio zisubiri: katika chumba kidogo kitupu besi hujaa kwenye kona na kupotea ukisogea hatua mbili, kwa hiyo utamiksi ukifuata uongo wa chumba.

Nimechomeka maiki ya kondensa, kimya kabisa. Imekufa?

Huenda ni nzima. Kondensa ya studio, ile maiki nyepesi kunasa sauti ndogo, inataka umeme wa volti 48, unaopitia waya uleule wa XLR. Shusha geini (kitufe cha kukuza sauti ya maiki) hadi sifuri, chomeka waya, bonyeza kitufe cha 48V, subiri sekunde chache, kisha pandisha geini polepole hadi mahali unapoimba kwa nguvu pafike kama −10 dB kwenye mita ya programu ya kurekodi. Ikiwa waya wako ni XLR upande mmoja na jeki upande wa pili, hapo ndipo tatizo lilipo: tundu la jeki halitoi volti 48. Kondensa za bei ya chini za aina ya BM-800 mara nyingi huuzwa na waya wa jeki ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta. Hupata volti chache tu, sauti ikawa dhaifu na yenye mchirizo, mtu akalaumu maiki.

Nakaa kando ya barabara, bodaboda hazilali, na juu ni bati. Nibandike trei za mayai ukutani?

Hapana. Ni nyepesi, hazizuii kelele ya nje, na moto ukitokea zinawaka haraka. Tenganisha mambo mawili. Kelele ya nje huzuiwa na uzito na kuziba nyufa, kwa hiyo anza na dirisha na uwazi chini ya mlango. Mwangwi wa ndani hutulizwa na vitu vinene na laini: godoro, blanketi nzito, kabati la nguo lililoachwa wazi. Simamisha godoro nyuma ya mwimbaji, si nyuma ya maiki, kwa sababu maiki ya kadioidi, aina inayotumika sana kwa kuimba, husikia zaidi kilicho mbele yake. Piga kofi moja. Ukisikia mlio unaoruka ukutani, ongeza blanketi.

Kwa chumba chako tungechukua maiki ya dainamiki, ile ya jukwaani isiyohitaji volti 48. Kelele inaisikia kama nyingine yoyote, ila inakuruhusu kuimba kwa umbali wa sentimita 5 hadi 10, na sauti yako ikafunika kelele ya barabarani. Kupunguza mipasuko ya "p" na "b", vuta soksi ya nailoni juu ya hanga ya waya. Mvua juu ya bati haina dawa. Siku hiyo andika mashairi.

Nikiimba, sauti inarudi kwenye hedifoni imechelewa.

Ni bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hukusanya kabla ya kulichakata. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1024 peke yake huchelewesha kama milisekunde 23. Ya 128 ni kama 3. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO ya kadi yako (programu ndogo inayopunguza ucheleweshaji). Kama haina, ASIO4ALL ni ya bure. Sauti ikianza kukatika, panda hadi 256. Kadi yenye kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja ni rahisi zaidi: kiwashe, kisha nyamazisha treki hiyo ndani ya programu usijisikie mara mbili.

Chaja ikichomekwa, mvumo unaingia.

Rekodi kwa betri. Mvumo ukiisha, tatizo liko kwenye umeme: kagua ethi (waya wa ardhini) ya soketi, na vifaa vyote vichomeke kwenye ekstensheni moja.

Nimeona maiki ya dainamiki ya Shure SM58 kwa robo ya bei. Ni halali?

Bei hiyo peke yake inatosha kukutia shaka. Halisi ina uzito wa gramu 298. Omba mizani duka la jirani kabla ya kulipa. Ikifika uzito huo bado usishawishike, kwani wanaoghushi nao wana mizani.