Kwa nini kromiti hulala katika matabaka yaliyotengana?

SWALI: Nimesoma kwamba magma (mwamba ulioyeyuka) inapopoa chini ya ardhi, fuwele nzito huzama. Kwa nini basi kromiti (madini mazito yenye kromiamu) ya Bushveld, eneo kubwa la miamba iliyotokana na magma huko Afrika Kusini, haikurundikana yote sakafuni, bali imejipanga katika matabaka mengi membamba? Na platinamu ilifikaje humo?

JIBU: Uzito wa fuwele una nafasi yake, lakini hautoshi kueleza jambo hili, na msomaji amefanya vyema kuutilia shaka. Magma ya kawaida inapopoa polepole, kromiti huganda pamoja na madini mengine kama olivini au piroksini, na kwa kuwa kromiamu iliyomo ni kidogo mno, kromiti huwa sehemu ndogo tu ya mwamba unaotokea. Ili lipatikane tabaka ambalo karibu lote ni kromiti, ni lazima kitokee kitu cha kuyazuia madini yale mengine yasigande kwa muda. Katika miaka ya 1970 mwanajiolojia T. N. Irvine alieleza njia mbili: ama magma mpya yenye joto kali huingia na kuchanganyika na ile iliyokwisha kupoa kiasi, ama magma huyeyusha miamba ya kandoni yenye silika (kiungo kikuu cha mchanga) nyingi. Mchanganyiko unaopatikana hugandisha kromiti peke yake hadi hali ya kemikali irejee ilivyokuwa, na tukio hilo likijirudia, tabaka jingine hufuata juu yake.

Lipo tatizo la hesabu ambalo mimi naliona kuwa zito zaidi. Tabaka la kromiti lenye unene wa mita moja tu huhitaji kromiamu ya magma yenye kina cha mamia ya mita. Ndiyo maana baadhi ya wanajiolojia hushikilia kwamba magma ilipita chembani (nafasi ya chini ya ardhi inamokusanyika magma), ikaacha kromiti yake, kisha ikaendelea na safari.

Platinamu hufuata salfa. Magma inaposhiba salfa, matone ya salfaidi (salfa iliyoungana na metali) hujitenga nayo kama mafuta yanavyojitenga na maji, nayo huvuta nikeli, shaba na, kwa nguvu inayozidi zote, platinamu na paladiamu. Utajiri wa matone hayo hutegemea wingi wa magma yaliyokutana nayo. Mwamba wa Merensky, tabaka la Bushveld lenye platinamu lililotambuliwa na mwanajiolojia Hans Merensky mwaka 1924, kwa kawaida una unene usiofika hata mita chache, lakini hufuatika kwa zaidi ya kilometa mia moja, ukiwa na gramu chache tu za platinamu na jamii yake katika kila tani.

Tabaka la kromiti liitwalo UG2, lililo chini ya Merensky, lina platinamu nyingi ilhali salfaidi zake ni haba. Wapo wanaoamini kwamba salfaidi zilikuwepo, kisha salfa ikapotea fuwele zilipokuwa bado zina joto, metali zikabaki. Wengine husema metali hizo zilinaswa na kromiti yenyewe tangu mwanzo, na mjadala huo haujafungwa.