Dawa isiyofyonzwa inashushaje kolesteroli?

SWALI: Kolestiramini, dawa ya kushusha kolesteroli, haiingii kwenye damu. Mbona hushusha kolesteroli ya wanyama wa maabara? Na nyuzinyuzi za mimea je?

JIBU: Kazi yake yote iko utumboni. Punje zake zina chaji chanya: huachia kloridi, hunasa asidi za nyongo (ini huzitengeneza ili kusaidia kumeng'enya mafuta), na zote hutoka na kinyesi. Kwa kawaida asilimia 95 hivi za asidi hizo hurudi kwenye ini. Zisiporudi, ini hutengeneza nyingine kwa kolesteroli, ambayo huivuta kutoka kwenye damu. Selulosi tupu, yaani nyuzinyuzi kuu ya mimea, haina chaji hiyo, kwa hiyo hainasi cha maana. Ikipachikwa vikundi vya amini (vyenye nitrojeni, vinavyobeba chaji chanya), hunasa. Ila usitegemee panya peke yake: ini lake hufidia upesi kwa kuunda kolesteroli mpya, damu isionyeshe tofauti. Hamsta, mnyama mdogo mgugunaji, anafaa zaidi. Dozi ikizidi, angalia vitamini A, D, E na K, nazo hupotea.