Malawi kwa urefu wake, kutoka Songwe hadi Nsanje, kwa mfuko mdogo

Sisi wa Mbeya wengi tunaijua Malawi ya Karonga tu. Unavuka mto Songwe, mpakani, asubuhi, unafanya biashara yako, jioni umerudi nyumbani. Mimi niliamua kwenda mpaka mwisho, Nsanje, ambako nchi inaishia mpakani mwa Msumbiji. Ni nchi nyembamba lakini ndefu, zaidi ya kilomita 800 kutoka kaskazini hadi kusini, na nilitumia siku 17.

Tangu nirudi, kila anayetaka kwenda ananiuliza abebe shilingi ngapi. Nami humuuliza kwanza: una siku ngapi? Malawi mwenye haraka ndiye anayemaliza fedha. Basi halijajaa, anakodi teksi. Amefika usiku mji asioujua, analala hoteli ya kwanza anayoiona. Kwa hiyo tenga siku za akiba kama unavyotenga fedha ya akiba. Mimi nilitenga nne, nikazitumia tatu.

Ukianzia Mbeya, usikubali mpiga debe akukatie tiketi ya "moja kwa moja mpaka Lilongwe". Mimi nilikubali, nikashushwa karibu na mpaka, na gari la kuniunganisha halikuwepo. Nauli ile iliniuma safari nzima. Lipia Kosta ya Kasumulu, mpakani upande wetu, tu, vuka daraja, gonga muhuri, kisha tafuta gari la Karonga upande wa pili. Pale Karonga hutajisikia mgeni sana: Kingonde na Kinyakyusa ni ndugu, na Kiswahili wengi wanakisikia.

Mpakani badilisha fedha ya kukufikisha Karonga tu, nyingine nenda nayo benki. Noti kubwa ya Malawi ni ya kwacha 5,000, hivyo hata fedha ya kawaida inakuja kama bunda. Hesabu mwenyewe, noti moja moja, bila kuona haya. Ukishahesabu, usimrudishie mbadilishaji bunda eti ahakiki tena. Noti hupungua hapo hapo, mbele ya macho yako.

Sasa nisikilize vizuri kwenye jambo la saa. Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja, hilo utalizoea. Lililonigharimu ni kwamba wenzetu hawahesabu saa kuanzia jua kuchomoza kama sisi. Mjini Mzuzu, huko kaskazini, nilimuuliza kondakta basi linaondoka saa ngapi. Kijana mwema, alikuwa na Kiswahili kidogo, akanijibu, "Saa saba, dada." Nikafua nguo, nikala, nikafika stendi saa sita na nusu mchana nimeshiba. Basi lilikuwa limeondoka saa moja asubuhi. Saba yake ilikuwa seveni koloko. Nililipa gesti usiku mwingine, na kuanzia siku hiyo nikawa namwomba mtu aniandikie saa kwenye daftari, halafu nauliza: asubuhi au mchana?

Katika kila shilingi mia niliyotumia, karibu hamsini zilikwenda kwenye nauli. Basi kubwa lina ratiba, na kwa vipande virefu ndilo linalofaa. Minibasi haiondoki mpaka ijae, na kujaa kwake si kule unakokudhania wewe. Matola, yaani pikapu ya kubeba watu na mizigo, nilipanda pale tu ambapo hakukuwa na gari jingine, na sikuipenda kwenye milima. Kwa mwendo mfupi wa mjini kuna kabaza, baiskeli ya abiria. Patana bei kabla hujakaa.

Mafuta yakiadimika, magari yanasimama. Yalinikuta Nkhata Bay, nikakaa siku mbili zaidi ya nilivyopanga, na hizo ndizo siku ninazozikumbuka kwa furaha kuliko zote. Mama mmoja karibu na gati alikuwa anakaanga usipa, dagaa wa ziwa lile lile ambalo sisi tunaliita Nyasa. Alikuwa anawageuza kwa kijiti, na wakishakauka anawamiminia nyanya. Wanaliwa na kondowole, ugali wa muhogo, mweusi kidogo na unaovutika mkononi. Nilimwamkia, "Muli bwanji, amayi," akanivutia kigoda. Siku ya pili hakuuliza nitakula nini. Kula wanachokula wenyeji, sahani yako itakuwa ya bei yao.

Kuna meli ya Ilala, inayofanya kazi ziwani tangu 1951. Ukiikuta, panda, lakini usiisubiri wala usiifungie mpango wako, maana ratiba yake hubadilika. Mimi nilishuka kwa barabara ya ufukweni hadi Nkhotakota. Karne ya 19 akina Jumbe, wafanyabiashara waliotoka pwani yetu, waliweka kituo pale na kuvusha watumwa kwa majahazi kuelekea Kilwa. Simama ufukweni pale hata nusu saa. Hakuna kiingilio, na sisi wasemaji wa Kiswahili historia ile inatuhusu.

Maji ya ziwa yanavutia, ila kichocho kipo. Niliogelea, na niliporudi nikakaa miezi miwili ndipo nikapima. Chandarua beba chako.

Lilongwe nilipita tu. Zomba, iliyokuwa makao makuu hadi 1975, ilinikalisha siku mbili: miti mikubwa, baridi, na juu mlimani unapanda kwa miguu yako mwenyewe. Kuanzia Mei hadi Agosti huko kusini hushuka manyunyu ya baridi wanayoyaita chiperoni, kwa hiyo sweta usiiache. Halafu ukitoka Blantyre kuteremkia Chikwawa, bonde la mto Shire linakupokea na joto la kuvua kila kitu. Nsanje nilifika saa kumi jioni, nikanywa maji lita moja bila kupumzika.

Nauli ya kurudi nilikuwa nimeishona kwenye pindo la sketi kabla sijatoka nyumbani, na sikuigusa hata Mzuzu nilipoachwa. Kurudi, panda basi kubwa Blantyre hadi Mzuzu, lala, kesho yake fika Songwe mchana, maana jioni Kosta za Mbeya huwa chache. Ukishavuka daraja, sogeza saa yako mbele.