Muulize Mhasibu: Hesabu yangu ilisema hasara, mzee akalipa pango

Nina barua tatu safari hii. Mbili za mwanzo nazijibu kwa ufupi ili ya tatu ipate nafasi, maana kijana aliyeiandika ameuliza swali ambalo mimi nilichelewa kuliuliza nikiwa kazini, na kuchelewa kwangu kuliumiza watu.

Shikamoo dada. Binti yangu amemaliza kidato cha sita mchepuo wa HKL na anataka kusomea uhasibu chuo kikuu. Ndugu wananiambia mtoto wa historia na lugha hawezi hesabu, atafeli. Nimkataze?
*Mama mzazi, Morogoro*

Usimkataze. Kwanza fungueni mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, msome vigezo vya kila chuo anachokitaka, na mwangalie hasa alama yake ya hesabu ya kidato cha nne, kwa sababu vyuo vingi huitazama hiyo. Akiwa na sifa, aende. Hata hesabu za uhasibu wa menejimenti, yaani ule wa kumsaidia meneja kuamua, kwa sehemu kubwa ni zile za shule ya msingi na sekondari ya chini: kugawanya, asilimia, mlinganyo wa mstari mnyoofu. Baadaye huja takwimu kidogo, na kuchora mistari kwenye grafu kutafuta mchanganyiko wa bidhaa wenye faida zaidi. Wanaofeli somo hili wengi wao wanajua kuzidisha vizuri kabisa. Wanachoshindwa ni kusoma kisa chenye kurasa mbili na kuandika aya moja ya ushauri inayoeleweka, na hapo mtoto wa HKL anaweza kuwapita wenzake.

Habari za kazi mama. Niko mwaka wa tatu, Mwanza. Nikimaliza nianze CPA au CIMA? Nimependa sana masomo ya gharama na bajeti.
*Mpenda bajeti*

Zote mbili ni sifa za taaluma baada ya shahada. Kama unataka kufanya kazi hapa nyumbani, anza CPA. Bodi yetu ya wahasibu inayoitoa, NBAA, ipo kwa sheria ya mwaka 1972, na huwezi kusaini ripoti ya ukaguzi wa hesabu Tanzania bila kusajiliwa nayo. Matangazo ya kazi serikalini na kwenye mashirika ya umma huitaja CPA waziwazi. Mitihani mikuu ni Mei na Novemba, na ukiwa na shahada ya uhasibu huanzi ngazi ya chini kabisa. CIMA, ya uhasibu wa menejimenti, ni ya Uingereza, ilianzishwa mwaka 1919 na watu wa hesabu za viwandani, na kwa mapenzi uliyonayo utaifurahia: kila ngazi inamalizika kwa mtihani wa kisa kimoja kirefu, unashauri kampuni kama vile umekaa ofisini kwao. Lakini ada zake ni za pauni, na pauni haimhurumii mtu aliyetoka juzi kwenye bumu, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi. Pata CPA, pata kazi, kisha CIMA uilipie kwa mshahara wako au mwajiri akulipie.

Sasa barua ya tatu.

Shikamoo mama. Nasoma mwaka wa pili shahada ya uhasibu katika chuo kimoja hapa Dar. Uhasibu wa fedha nimepata A, kodi nimepata B+, lakini uhasibu wa menejimenti nimepata 31 kwa mia na sasa nina sapu, yaani mtihani wa marudio. Sielewi, kwa sababu kanuni zote nilizikariri.

Kinachoniumiza zaidi ni hiki. Mzee wangu ana karakana ya samani Keko. Mwezi Februari shule moja ilimletea oda ya madawati 40, ikasema italipa shilingi 62,000 kwa dawati. Nilikaa na hesabu usiku. Mbao, misumari, gundi na vanishi, 41,000. Fundi, 12,000. Pango la karakana, mlinzi na gharama nyingine za mwezi ni 900,000. Nikazigawa kwa vitu 60 anavyotengeneza mwezi wa kawaida, nikapata 15,000. Jumla 68,000. Nikamwambia, baba, kila dawati lina hasara ya 6,000, ukikubali umetupa 240,000. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema asante mwanangu, na asubuhi akaichukua ile kazi. Mwezi ule pango lililipwa kwa wakati na ada ya mdogo wangu ikapatikana. Mzee ameishia darasa la saba. Hesabu yangu imekosea wapi? Na je, nihame kozi?
*Mwana wa Keko*

Marahaba mwanangu. Usihame. Na kujumlisha hujakosea hata shilingi.

Nakuuliza jambo moja. Mzee angeikataa ile oda, hizo 240,000 ulizosema anazitupa zingebaki mfukoni mwa nani? Zitafute. Mwenye jengo angepunguza pango kwa sababu madawati 40 hayakutengenezwa? Mlinzi angekubali kulala nyumbani siku kumi bila malipo? Zile 900,000 zilikuwa zinakuja mwisho wa mwezi, kuwe na dawati au kusiwe na dawati. Mwaka 1772 mfinyanzi mmoja wa Uingereza, Josiah Wedgwood, biashara ilimdorora, akakaa chini na vitabu vyake akachambua gharama moja moja. Aliona kwamba baadhi zinakwenda kama saa ya ukutani, vyombo viwe vingi au vichache. Mzee wako ameiona saa hiyohiyo pale Keko, kila tarehe ya pango inapofika.

Kwa hiyo kwa oda hii ziondoe 15,000. Kinachoongezeka dawati moja likitengenezwa ni 41,000 na 12,000, basi, yaani 53,000. Shule inaleta 62,000. Zinabaki 9,000, na hizo darasani mnaziita mchango. Mara 40 ni 360,000. Februari karakana ilikuwa imepoa, hujaniambia lakini najua; Januari watu wamelipa ada, nani ananunua sofa? Bila ile oda, mzee angezitafuta zile 900,000 zote kwenye kazi nyingine. Kwa ile oda, 360,000 zilikuwa zimeshapatikana.

Lakini usije ukaikamata 9,000 hiyo ukaifanya dini. Tuseme oda ileile imekuja Desemba, mafundi wamebanwa na mteja wa meza ya kulia amesimama mlangoni. Chukua kwamba dawati linamla fundi nusu siku, na meza inamla siku mbili lakini inaacha mchango wa 70,000. Siku moja ya fundi kwenye madawati inaleta 18,000. Kwenye meza inaleta 35,000. Madawati 40 yatakula siku 20 za fundi. Siku hizo kwenye meza zingeleta 700,000, na wewe umechukua 360,000. Desemba unaikataa shule kwa adabu, au unamwomba mwalimu mkuu asubiri Januari. Dawati ni lile, bei ni ile, mbao ni zile. Kilichobadilika ni kile ambacho mzee angekikosa kwa kulitengeneza.

Hapo ndipo A yako ya uhasibu wa fedha ilipokuponza, na nataka uelewe hili vizuri kwa sababu wanafunzi wengi hodari huangukia hapa. Zile 15,000 si upuuzi. Madawati yangebaki stoo mwisho wa mwaka, na wewe ukatakiwa kuyaingiza kwenye mizania, kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 2, kinataka uyathamini pamoja na mgawo wa gharama za kudumu za uzalishaji, tena ukigawa kwa uzalishaji wa kawaida kama ulivyofanya na vitu 60. Ulilijibu vizuri swali la mkaguzi. Mzee alikuwa na swali lingine: niichukue kazi hii au niiache? Mtu akikuuliza gharama ya dawati ni shilingi ngapi, nawe usimjibu kabla ya kumuuliza anataka kuamua nini.

Nakueleza kwa ukali kidogo kwa sababu nilijifunza vibaya. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa kitengo cha gharama katika kiwanda kimoja cha nguo. Tulikuwa na khanga, vitenge na mashuka. Gharama za pamoja, yaani boila, ulinzi, ofisi na zahanati ya wafanyakazi, tulizigawa kwa saa za mashine, na mashuka yalikula saa nyingi. Kila robo mwaka karatasi yangu ilionyesha mashuka yana hasara. Mimi ndiye niliyeiandika, kwa penseli kwanza, kisha kwa wino, na chini nikaweka pendekezo: sehemu ifungwe. Ikafungwa. Siku watu wanapewa barua, msimamizi wa mashuka, mtu mzima mwenye pamba kwenye nywele, alikuja mezani kwangu akasimama. Akaniuliza, "Dada, boila itazimwa?" Nikamwambia hapana, boila ni ya wote. "Mlinzi wa geti ataondoka?" Nikasema hapana. Akasema, "Sasa mmeokoa nini?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye karatasi jioni ile, nikaondoa mgawo wa gharama za pamoja, nikakuta mashuka yalikuwa yanachangia kila mwezi tangu mwaka uliotangulia. Watu 46 walikuwa wameshapokea barua. Mwaka uliofuata gharama zilezile za boila na geti ziligawiwa kwa khanga na vitenge peke yake, na khanga zikaanza kuonyesha hasara. Safari ile nilikwenda kwa meneja kabla hajaita kikao, na khanga hazikufungwa. Lakini wale 46 hawakurudi.

Kwa hiyo nikiona kijana anaomba kuhama kwa sababu somo hili lina maswali ya ajabu, nasema abaki. Tunahitaji watu waliolielewa kabla hawajakabidhiwa karatasi ya mtu mwingine.

Sasa sapu. Wanaokariri kanuni zote na kupata 31 nimewafundisha jioni kwa miaka mingi, na madaftari yao hufanana: hesabu zimejaa ukurasa, na kipengele cha mwisho, kile cha "mshauri meneja", kina mstari mmoja au hakijajibiwa kabisa. Alama zimelala hapo. Anza kusoma swali kutoka chini, kwenye kinachotakiwa. Kabla hujagusa kikokotoo andika pembeni kwa Kiswahili chako: nani anaamua, anachagua kati ya kipi na kipi, na ni shilingi zipi zitabadilika akichagua hiki. Zisizobadilika zikate kwa mstari. Utashangaa swali linavyopungua.

Tofauti za bajeti, yaani pengo kati ya kilichopangwa na kilichotokea, nazo usizisome kama majedwali. Nenda karakana ukaziangalie. Mzee akinunua mbao mbichi kwa bei ya chini, tofauti ya bei itakuwa nzuri na mnunuzi atasifiwa. Wiki tatu baadaye uso wa meza umepinda, fundi anakata upya, vipande vimejaa chini, na tofauti ya matumizi ya mbao inakuwa mbaya. Darasani zinakuja kama namba mbili za mistari tofauti. Kwenye karakana ni ubao mmoja uliokuwa haujakauka, na ukimlaumu fundi umemlaumu asiyehusika. Ukiandika hivyo kwenye mtihani, ukaunganisha sababu moja na namba mbili, mhadhiri atajua umeelewa.

Chukua mitihani ya miaka mitano iliyopita ya chuo chenu, fanya swali moja kila usiku kwa mkono, si kwa kusoma majibu ya wenzako kwenye kundi la WhatsApp. Vyuo vingi ukifaulu sapu unapewa C na si zaidi. Ipokee, GPA yako ina masomo mengine ya kuibeba.

Na Jumamosi moja kabla ya mtihani nenda Keko asubuhi, kaa na mzee wakati mafundi hawajaanza randa, maana ikianza hamtasikilizana. Usimpelekee hesabu. Muulize aliangalia nini siku ile alipokubali. Muulize bei gani ingemfanya akatae, na kama angekubali Desemba. Muulize pia shule ililipa lini, kwa mkupuo au kwa mafungu, kwa sababu hilo wewe hukuliweka kabisa kwenye karatasi yako na nina hakika yeye alilifikiria. Andika majibu yake kama alivyoyasema, kisha weka namba chini ya kila jibu. Nitumie nakala.