Jibu: Safari ya boti kuzunguka kisiwa cha Noss, Shetland

Ndugu, umeuliza kama uzunguke kisiwa cha Noss, katika visiwa vya Shetland kaskazini mwa Scotland, mwezi Juni au usubiri Oktoba. Nenda Juni, kwa kuwa wakati huo maelfu ya ndege wa baharini huwa wanalea makinda kwenye kuta za mawe ya mchanga zilizochongwa na mawimbi, na chini ya genge la Noup, lenye kimo cha meta 181, harufu ya kinyesi chao hukupokea kabla ya kelele zao. Ifikapo Oktoba wengi wamekwisha kuhama. Boti huondoka Lerwick, mji mkuu wa Shetland, na kupita kando ya kisiwa cha Bressay. Vaa koti zito hata jua likiwaka, na umeze dawa ya kichefuchefu mapema. Mimi niliidharau, nikaitazama nusu ya safari nikiwa nimeinamia ndoo.