Uliza Mzee wa Pedi: Mbona tunalipa bei ya Marekani?

Mzee wa Pedi, niaje. Niko Umoja, nachezea kompyuta. Kuna jamaa wa India tunachezanga naye usiku, juzi akanitumia picha ya bei ya gemu kwa Steam yake, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, nikapiga hesabu nikaona ni kama nusu ya yangu! Gemu ni ile ile, hata seva ni moja. Kwani sisi tulikosea nani? Na nikiweka VPN, ile programu ya kuficha uko wapi, ninunue kama niko huko kuna shida? (Kijana wa Umoja)

Poa kijana. Hujakosea mtu. Steam wako na orodha ya pesa za nchi wanazokubali, rupia ya India imo, rand ya Afrika Kusini imo, shilingi yetu haimo. Sasa pale pesa ya nchi imo, mwenye gemu anaweza kukaa chini apange bei ya watu wa huko, Valve wenye Steam wanampendekezea tu lakini kuamua ni kwake. Sisi tumetupwa kwa kapu la dola, unalipa sawa na mtu wa Texas, na mshahara wa Texas si unaujua.

Halafu dola yenyewe haitulii. Gemu ya dola 69.99, Januari 2024 dola ikiwa karibu 160, ilikuwa inakaribia 11,200. Katikati ya mwaka huo huo dola ikawa 129 hivi, gemu ikawa kama 9,000. Na gemu haikushushwa hata senti moja! Hapo pia sijahesabu vile kadi yako inabadilisha dola kwa bei yake yenyewe, hata ukilipa na ile Visa ya M-Pesa, GlobalPay, iliyotoka 2022, angalia shilingi ngapi zimetoka si dola ngapi zimeandikwa.

VPN achana nayo. Masharti ya Steam yanakataza kuficha uko wapi, na akaunti ikifungwa inaenda na gemu zote ulizonunua tangu uanze, si hiyo moja tu. Watu walikuwa wanakimbilia Argentina na Uturuki sababu huko bei ilikuwa ya kutupa, Novemba 2023 Steam wakaondoa peso na lira wakaweka dola. Valve walisema ni sababu hizo pesa zinayumba sana, sawa, lakini mimi namhurumia Muargentina wa kawaida, aliamka asubuhi akapata gemu imepanda mara kadhaa na yeye hajawahi kugusa VPN.

Habari Mzee. Kijana wangu anataka kadi ya PlayStation ya birthday, nimeenda town Luthuli nikaulizwa "ya Marekani ama ya Uingereza?" nikabaki nimeduwaa. Nachagua gani? (Mama Brayo, Donholm)

Mama Brayo, ulifanya vizuri kutolipa. Kenya haiko kwa nchi ambazo Sony, wenye PlayStation, wanatoa huduma ya PSN, yaani mtandao wa PlayStation, kwa hivyo watoto wetu wamefungua akaunti za Marekani, za Uingereza, za Afrika Kusini, na kwa masharti ya Sony haifai, lakini hiyo ni dhambi mtaa mzima tumetenda. Mei 2024 tuliionja, Helldivers 2, gemu ya Sony wenyewe, ikaondolewa sokoni kwa Steam katika nchi zaidi ya 170 zisizo na PSN, na sisi tukiwemo.

Kadi ya nchi moja haiingii akaunti ya nchi nyingine. Mwambie Brayo afungue duka kwa PS yake akiwa mbele yako, bei zikiwa na alama ya dola ni Marekani, pauni ni Uingereza, herufi R ni Afrika Kusini. Usimuulize kwa mdomo, atakuambia "yoyote tu mum." Ukishakwangua hakuna kurudisha.

Mimi mwenyewe nilichomeka hivyo, si kwa kadi, kwa kii, zile herufi 15 za kufungulia gemu. Nilipata tovuti fulani inauza nusu bei, nikalipa usiku saa sita mbio mbio, nikaandika herufi zangu moja moja, jibu likaja kwamba haiwezi kutumika nchi yangu. Muuzaji alinijibu siku nne baadaye: "soma maelezo." Nikasoma, ilikuwa imeandikwa chini kabisa kwa maandishi ya mchwa.

Ofa ya asilimia 60 ni ya ukweli ama wanapandisha kwanza? (Bila jina, Rongai)

Ingia SteamDB, tovuti ya kufuatilia bei za Steam, tafuta gemu, utaona mchoro wa bei yake tangu itoke. Kama ofa iliwahi kufika asilimia 75, ngoja, mara nyingi inarudi hapo. Ukinunua na ikukatae, Steam wanarudisha pesa ndani ya siku 14 kama hujacheza masaa 2. Na mfuko ukiwa mtupu, kila Alhamisi saa kumi na mbili ama saa moja jioni Epic, duka lingine la gemu za kompyuta, wanatoa gemu ya bure, ingia uichukue hata kama kompyuta yako haiwezi kuibeba.